Rova ilisema mita nne, baba mkubwa hanisalimii tena

Mama, habari za kazi. Majibu yako nayasoma kila wiki, mengine nayasoma kwa sauti ofisini tukicheka shida za watu. Leo shida ni yangu na sicheki.

Nina miaka 27, kwetu ni Maragoli, kaunti ya Vihiga. Nilisomea diploma ya upimaji ardhi, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa fundi kwa mpima mmoja mwenye leseni hapa Kisumu. Bosi ndiye hutia sahihi. Mimi nabeba tripodi, nafunga beisi (kipokezi cha setilaiti kinachosimama mahali pamoja), natembea na rova (kipokezi cha mkononi kinachopima kwa kuifuata beisi), jioni napakua data na kuchora. Kazi naipenda, na bila kujisifu naijua.

Nyumbani, shamba letu limepakana na la baba mkubwa. Babu yangu na baba yake walikuwa ndugu wa tumbo moja, yeye mkubwa kwa umri kuliko baba yangu, ndiyo maana namwita hivyo. Kila mzee alipata hati yake wakati wa demarkesheni, yaani serikali ilipokuwa ikionyesha mipaka na kuandikisha mashamba. Mpaka ni mstari wa miti ya lusiola walioupanda wenyewe, kama mita 90 kutoka barabarani hadi karibu na kijito. Tangu nizaliwe sijasikia mtu akiugombania, ila baba yangu amekuwa na maneno yake: kwamba mama yake baba mkubwa alikuwa akisogeza miche usiku. Maneno ya jioni, unajua.

Mwezi uliopita tulimaliza kazi Luanda siku ya Ijumaa, na bosi akaniambia mashine nitairudisha Jumatatu. Nikaenda nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshanunua nakala ya RIM, yaani ramani ya mashamba ya ofisi ya ardhi, ya eneo letu, nikaiskani, nikaifunga kwenye picha ya setilaiti kwa kutumia njia panda mbili, kona ya kanisa na daraja. Programu ilinipa kosa la wastani la mita 2.3, nikaona si baya kwa ramani ya zamani. Nikachukua koodineti, yaani namba za mahali, za mpaka kutoka hapo, nikazipakia kwenye rova. Beisi niliiweka uani kwetu, nikaiacha ijitafutie nafasi yake. Rova ikafiksi, yaani ikashika nafasi yake kwa uhakika, vizuri kabisa, sentimita mbili.

Mama, mstari uliangukia ndani ya shamba la baba mkubwa, mita 3.8 kutoka kwenye miti. Nikachomeka vipande vitano vya nondo nilivyovipaka rangi nyekundu. Watu walikuwa wamejaa, watoto wanataka kushika mashine, baba anatembea nyuma yangu mikono mgongoni kama mkaguzi. Nondo ya tatu iliangukia ng'ambo ya kaburi la mama yake baba mkubwa, ikawa kaburi liko upande wetu. Nikasema kwa sauti, “Mashine haidanganyi.” Upande wa pili wa shamba letu, ule tunaouita wa chini, tunakopakana na jirani mwingine, sikupima kwa sababu betri ilikuwa imeisha.

Baba mkubwa hakusema kitu. Aliingia nyumbani akafunga mlango. Jumanne baba akakata lusiola mbili. Alhamisi baba mkubwa akaenda kwa naibu chifu, na sasa anasema atakwenda Kisumu kumwona bosi wangu, ambaye hajui lolote. Nilipokutana naye sokoni nilimsalimu, akanipita kana kwamba mimi ni mlingoti wa stima.

Nimemwambia baba labda tungengoja, tulete seveya wa serikali. Akanijibu kwamba nikikana vipimo vyangu mbele ya watu, nisijiite mwanawe. Nifanye nini? Na kweli nikane? Mashine ilifiksi, Mama. Niliona kwa macho yangu.

Fundi, Kisumu

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama mama wa watu. Mara ya pili kama mtu aliyekaa miaka kumi na minane kwenye meza ya kuchorea ramani kabla macho hayajaanza kumsumbua. Wote wawili wamekasirika, ila kwa sababu tofauti.

Nianze na kaburi. Wewe umelitaja katikati ya barua, kati ya nondo na betri, kama kitu cha kupita. Ulidhani unaonyesha mpaka. Alichokisikia mzee yule, mbele ya wajukuu wake na majirani waliokuja kuona mashine, ni kwamba mama yake kazikwa katika shamba la watu. Kwetu huku magharibi kaburi ni hati kabla ya hati. Wazee wakiitwa kusema shamba ni la nani, watakuuliza nani amelala wapi. Hebu kifikirie kile kimya chake tena. Mtu mwingine angechukua panga. Yeye aliingia ndani akafunga mlango.

Sasa mashine. Haidanganyi, hapo uko sawa. Ilikupeleka penye namba ulizoipa, kwa sentimita mbili, tena mchana peupe. Namba hizo ulizitoa wapi? Kwenye karatasi. Na karatasi ile, mwanangu, naijua kuliko unavyoijua, kwa sababu nimewahi kuwa miongoni mwa waliozichora.

RIM nyingi za Nyanza na Magharibi hazikuzaliwa na mtu aliyetembea shambani na mnyororo akipima kila kona. Baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954, ule wa serikali ya kikoloni wa kilimo na hati za mashamba, na baadaye chini ya sheria ya demarkesheni ya 1968, serikali ilikuwa na haraka ya kuandikisha mashamba. Ndege ilipita ikapiga picha, picha ikakuzwa, na kamati ya wazee ikatembea na maofisa ikionyesha: ua huu ni wa fulani, kile kijito ndicho mwisho wa mwenzake. Mstari ukafuatishwa juu ya picha iliyokuzwa. Nyingi ya picha hizo hazikunyooshwa kwanza. Ndege ikiinama kidogo tu, upande mmoja wa picha unakuwa mpana kuliko mwingine. Kilima, kwa kuwa kiko karibu na kamera, hutoka kikubwa, na bonde hutoka dogo. Pale Ahero, kwenye mpunga, ardhi imelala kama meza na kosa si kubwa. Lakini Maragoli! Na ile milima yenu ya mawe, shamba likianzia barabarani juu na kuishia kijitoni chini?

Halafu ikafika kwetu chumba cha kuchorea. Tulifuata ile mistari kwa kalamu ya wino. Kalamu yangu nyembamba ilikuwa ya milimita 0.25. Ramani ya 1:2500 ina maana kwamba kila milimita ya karatasi ni mita 2.5 shambani, kwa hiyo ncha ya kalamu yangu nyembamba ilikuwa na upana wa sentimita 62.5, futi mbili na zaidi. Ile ya milimita 0.5 ilikuwa mita moja na robo. Siku moja nilipiga chafya nikiwa katikati ya mstari wa mtu. Nilikwangua wino kwa wembe, nikapuliza vumbi, nikauchora upya. Ulirudi, lakini siwezi kuapa kwamba ulirudi palepale. Mwenye shamba, popote alipo, hajui hadi leo.

Piga hesabu ya mita zako 3.8. Kwenye karatasi ile ni milimita moja na nusu. Chukua punje ya wimbi uilaze juu ya RIM yako: imefunika ugomvi wenu wote, na kaburi ndani yake.

Haya, tazama ulichokiandika mwenyewe. Programu ilikwambia kosa la mita 2.3, nawe ukaona si baya. Beisi uliiacha ijitafutie nafasi, ambayo yaweza kuwa mita moja au mbili au zaidi kando ya ukweli, na rova nayo huifuata beisi popote ilipo: ile “sentimita mbili” ni umbali kutoka kwa beisi, si kutoka kwa ukweli. Picha ya setilaiti uliyoifungia ramani nayo hukaa kando kidogo, kila mtu wa kazi hii analijua hilo. Karatasi iliyopigwa nakala hunywea na kuvutika. Mstari una unene wake. Weka vyote hivyo kwenye kikapu kimoja, ndipo uniambie mita 3.8 ni za nani. Mimi siwezi kukuambia. Wewe pia huwezi, na siku ile pia hukuweza, ila tu hapakuwa na mtu wa kukuuliza beisi imekaa juu ya nguzo gani.

Usidhani nakudharau. Nakuru niliwahi kumpokea bwana mmoja aliyekuja ofisini jasho linamtoka, ameshika simu. Alikuwa amechukua koodineti kutoka kwenye makaratasi ya zamani akaziingiza kwenye simu, na simu ikamwambia ploti yake iko katikati ya shamba la mwingine, mita 300 hivi kutoka alipojenga. Alikuwa tayari kwenda polisi. Kumbe makaratasi yalikuwa ya mfumo wa zamani wa koodineti, Arc 1960, na simu inasema WGS 84, mfumo wa GPS, na kati ya hiyo miwili, huku kwetu karibu na ikweta, kuna tofauti ya kama mita 300 kwenda kusini na kaskazini. Alikaa chini akacheka mpaka akalia. Huyo hakuwa amesomea. Wewe umesomea, ndiyo maana nakushika sikio.

Kuna jambo moja umeliandika ukalipita, na hilo ndilo nitakalokupa ulipeleke kwa baba. Upande wa chini hukupima, betri iliisha. Ramani ikifungwa vibaya haisogezi mstari mmoja na kuacha mingine, husogea nzima nzima, kama shuka kitandani: ukivuta juu, miguu inabaki nje. Ikiwa RIM yako imewapa mita 3.8 upande wa lusiola, kuna uwezekano mkubwa imewanyang'anya mita zilezile, au karibu na hizo, upande wa pili. Huhitaji betri wala rova. Faili unayo kwenye kompyuta. Ifungue jioni, baba akiwa amekaa karibu, muonyeshe shamba lenu lote juu ya picha ya setilaiti, mpaka wa lusiola na wa chini. Usimhubirie, mwonyeshe tu. Akiona mstari wa chini umepita katikati ya migomba yake na kumpa jirani, muulize: Baba, hapa nako mashine haidanganyi? Wazee wa Maragoli wanajua hesabu ya shamba kuliko sisi wote, ataelewa kabla hujamaliza.

Ikitokea mstari wa chini umekaa sawasawa kwenye ua wa jirani, niambie pia, maana hapo shuka halikusogea, kuna kitu kingine. Lakini hata hapo usirudi kwenye nondo zako, kwa sababu ya sheria, na sheria hii ungetakiwa uwe unaijua kama jina lako.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema ramani huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imefiksiwa rasmi, yaani imepimwa kamili na kuandikwa, kwa kifungu cha 19. Yenu ni ya demarkesheni, haikufiksiwa. Kachukue hati ya babu usome ukubwa wa shamba: kabla ya namba ya hekta kuna neno la kukadiria, limewekwa pale makusudi. Kwa mashamba ya namna hii, mpaka ni kile kitu walichokiweka wenyewe ardhini, yaani ua, mtaro, mti. Miti ya lusiola ya wale ndugu wawili ina uzito kuliko milimita moja na nusu ya wino wangu. Seveya wa serikali akija, jambo la kwanza atakalolitafuta ni miti hiyo na watu wanaokumbuka ilivyopandwa. Ungetaka kupima kitu siku ile, ungepima miti.

Ndiyo maana zile mbili alizokata baba yako zinanitia hofu kuliko nondo zako. Kifungu cha 21 kinasema anayeharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ya msajili ametenda kosa, na adhabu ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Mwambie baba kwa upole, usimtishe, lakini mwambie leo. Visiki aviache vilivyo, asivichome wala kuving'oa. Lusiola huchipua ikikatwa, na visiki hivyo sasa ndio ushahidi wenu wa pamoja kwamba mstari ulipita hapo.

Na hata tungekupa ushindi wote, tukasema mita 3.8 ni zenu kweli kwenye karatasi: mtu aliyeshika ardhi waziwazi, bila kuficha na bila kupewa ruhusa, miaka 12 na kuendelea, anaweza kwenda mahakamani kuidai kuwa yake. Baba mkubwa ana lusiola zenye umri kuliko wewe.

Bosi. Hapa sina maneno mengi. Mwambie kesho asubuhi, kabla ya chai, wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mzee mwenye hasira mlangoni pa ofisi yake. Ulichukua mashine yenye bei ya gari ukafanyia kazi ambayo hakukutuma, na ukaacha vyuma vyekundu ambavyo mtu yeyote ataviona kuwa kazi ya ofisi yake. Upimaji wa kusajiliwa ni wa mpima mwenye leseni au wa serikali, na leseni yake ina bodi inayoisimamia. Anaweza kukukata mshahara, anaweza kukusimamisha. Anaweza pia kushukuru kimya kimya kwamba amelisikia kwako kwanza. Usimwombe akutetee. Mwombe kitu kimoja tu: aje, au atume barua, kumwambia naibu chifu kwamba zile nondo si kazi ya ofisi na hazina maana yoyote kisheria. Akikataa, hilo utalisema wewe.

Sasa kwa baba mkubwa. Usiende peke yako na usiende na baba. Nenda na shangazi, dada yake baba, kama yupo na bado wanasikilizana, au mwanamke mwingine mtu mzima wa ukoo ambaye amekula nyumba zote mbili. Jioni, watu wakiwa wametulia. Sukari na majani, basi, usipeleke kuku, itaonekana unalipa faini. Usianze na ramani. Wala usiseme neno “makosa ya kitaalamu”, wazee wanachukia sana neno hilo na mimi nawaunga mkono. Sema jambo la kaburi kwanza, kwa jina la yule bibi: kwamba ulichomeka chuma ng'ambo ya alipolala, mbele ya watu, na hukupaswa. Nyamaza. Akinyamaza nawe nyamaza. Shangazi atajua la kufanya na kimya hicho kuliko mimi.

Akikuuliza vipimo, mjibu ukweli: kwamba karatasi uliyoitumia haiwezi kuonyesha mpaka kwa ukaribu huo, na ulilijua hilo chuoni ukalisahau uwanjani. Hapo hukani mashine, mwanangu, unasema ilipima nini. Baba yako anaogopa aibu ya wewe kurudi nyuma. Mtafutie njia ya kurudi nyuma pamoja nawe: baada ya kuona mstari wa chini, akubali nondo zing'olewe. Siku hiyo mwite naibu chifu, mzee wa mtaa, nyumba zote mbili. Zing'oe wewe kwa mikono yako, moja moja, ukianza na ile ya tatu. Nondo tano za rangi ni kilo chache za chuma, wapeni fundi wa kuchomea.

Baada ya hapo, ikiwa bado kuna mwenye shaka na mstari, njia ipo wala si ya mahakama kwanza. Mahakama ya Mazingira na Ardhi haitasikiliza ugomvi wa mpaka wa namna hii kabla msajili wa ardhi hajauamua. Mwenye maslahi anaandika kwa msajili wa kaunti, msajili anatoa notisi kwa pande zote, anakuja na seveya wa kaunti, anawasikiliza, anaangalia ramani na anaangalia miti. Hati zote mbili bado ni za wazee waliokufa? Hukusema. Kama ni hivyo, andaeni mirathi mapema, kwani msajili atauliza nani anasimama kwa niaba ya nani, na hapo ndipo familia nyingi hukwama miaka. Mkielewana kabisa, nyumba zote mbili zinaweza kuomba mipaka ifiksiwe, na mpima mwenye leseni akapima lusiola zilivyo, kutoka kwenye nguzo inayojulikana, koodineti zikaandikwa. Usiwe wewe mpima huyo. Unaweza kubeba tripodi.

Hilo la bibi kusogeza miche usiku, baba yako amelisema kwa miaka mingapi sasa? Muulize aliliona au aliambiwa, na na nani. Mara nyingi maneno ya aina hiyo yana mwenyewe, na mwenyewe huyo hana shamba pale.

Faili ile ifungue leo. Nataka kujua mstari wa chini ulianguka wapi.